Kuna Zaidi

Nambari iliyonipita usiku ule ilikuwa 200,000. Ilikaa chini ya ukurasa wa mwisho, jumla ya michango ya mwaka mzima ya chama cha Mathe, na mimi nikaiangalia nikaona imependeza. Sasa najiuliza ni chama gani cha akina mama Kayole kinachoweza kumaliza mwaka na hesabu iliyonyooka hivyo. Lakini ilikuwa saa nane usiku, chai ilikuwa imepoa, na mkutano ulikuwa siku hiyo hiyo kukikucha. Nikahifadhi faili nikalala kama mtu aliyefanya kazi ya maana.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Chama chenyewe kina watu tisa. Wanakutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya kanisa. Hata 2023, mwaka ulioanza siku ya Jumapili, walikutana Januari mosi na chapati zilizobaki za usiku wa mkesha. Kila mtu anatoa 2,000. Pesa hailali: inakopeshwa palepale mezani, anayekopa anarudisha na riba kidogo, na Januari inayofuata wanagawana faida kulingana na alichotoa kila mmoja. Kwa hivyo huwezi kwenda benki uulize salio ndio ujue nani mwaminifu. Kila kitu kiko kwa kitabu, kitabu kiko kwa mweka hazina, na mweka hazina ni mama yangu. Amekuwa mweka hazina tangu nikiwa darasa la sita.

Kitabu kilikuwa kaunta buku ya jalada gumu. Kila ukurasa mwezi wake, kila mstari jina, kiasi, halafu kijisanduku cha sahihi alichochora kwa rula. Mwanachama akitoa pesa anapiga sahihi hapo mbele ya wenzake. Kuna mmoja, nitamwita Mama Z kwa sababu herufi hiyo ndiyo iliyomponza, ambaye sahihi yake ni kimduara chenye mkia, kama kiluwiluwi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nazihesabu hizo kiluwiluwi nikisubiri mkutano uishe tule.

Mwisho wa 2022 paa lilivuja na kurasa tatu zikalowa. Nikaja na laptopu yangu kama mkombozi.

"Mathe, hii mambo ya kaunta buku ilipitwa na wakati."

Nikamtengenezea jedwali kwenye Notion. Kama hujawahi kuitumia, ni mahali mtandaoni ambapo ofisi nyingi siku hizi huweka maandishi yao, orodha za kazi na majedwali, yote chini ya paa moja lisilovuja. Jedwali la chama lilikuwa na safu nne: Jina, Mwezi, Kiasi, na Njia, yaani M-Pesa au pesa mkononi. Simu ya Mathe ilikuwa nzito kwa kazi hiyo, kwa hivyo tukaelewana kwamba baada ya kila mkutano atanitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, anisomee majina, mimi niandike nikiwa kwangu Roysambu.

"Na sahihi watapigia wapi?" akauliza.

"Hakuna haja ya sahihi, Mathe. Iko kwa sistimu."

Alinitazama kwa muda, halafu akafunga kaunta buku kwa mpira ule wa kufungia pesa, akaiweka juu ya kabati.

Mwaka ukaenda. Desemba akanipigia: wenzake wanataka kitu cha kushika. Kila mtu apewe karatasi yake kabla ya kugawana, aone kwa macho alitoa ngapi. Sasa, majedwali ya watu tisa kwa miezi kumi na miwili ni mistari 108. Mtu mwenye akili timamu angeketi saa moja akanakili kwa mkono. Lakini mimi naandika programu kwa riziki, na watu wa kazi yangu tuna ugonjwa wa kukwepa kazi ya saa moja kwa kuifanyia kazi siku tatu. Nikaamua kuandika maktaba ya msimbo. Nilimweleza Mathe kwenye simu, akacheka.

"Maktaba? Ina vitabu?"

Haina. Ni mkusanyiko wa amri ulizoandika mara moja ili usiziandike tena. Yangu ilikuwa na kazi mbili tu: kuchota data kutoka Notion na kuipanga iwe karatasi inayosomeka. Notion walifungua API yao kwa umma Mei 2021. Ifikirie kama dirisha la kuhudumia programu badala ya watu: programu yako inasimama pale na namba ya siri, inaomba jedwali, inapewa. Na ni dirisha lenye tabia zake. Usipokumbuka kuiruhusu programu yako iingie kwenye ukurasa husika, haikwambii umekatazwa. Inakwambia ukurasa haupo. Usiku wa kwanza niliupoteza nikitafuta jedwali lililokuwa limefunguka mbele yangu kwa kivinjari, huku programu ikisisitiza kwamba hakuna kitu kama hicho.

Halafu data yenyewe haiji kama unavyoiona kwenye skrini. Unaona neno moja, jina la mtu. Dirishani linakuja limefungwa kama nyama ya kilo moja: karatasi, gazeti juu yake, mfuko mmoja, mfuko wa pili. Ndani ya mstari kuna mali zake, ndani ya mali kuna safu ya Jina, ndani ya Jina kuna kichwa, kichwa nacho ni orodha kwa sababu huenda nusu ya jina imekolezwa wino na nusu haijakolezwa, na ndani ya kipande cha kwanza cha orodha ndipo utapata maandishi matupu. Kiasi ni rahisi zaidi. Tarehe inakuja na mwanzo na mwisho hata kama siku ni moja. Hapo ndipo maktaba inapata sababu ya kuishi: unaandika amri moja ya kufungua mifuko yote hiyo, na kuanzia hapo unaita tu, jina, linakuja jina.

Nikiri hapa kwamba sikuhitaji kuandika yangu. Notion wana maktaba rasmi ya JavaScript, na watu wengine wametengeneza za Python zinazofanya kazi vizuri. Nilitaka yangu. Nilitaka kuiweka GitHub mtu aione siku moja nikitafuta kazi.

Sehemu niliyoifurahia zaidi ni kupanga. 2023-09-03 ikawa "Septemba 2023". 2000 ikawa 2,000 na koma yake. Jina la chama juu kwa herufi kubwa, mistari myembamba ya kijivu, jumla ikikaa kulia kwa herufi nzito. Nikapanga kila kitu kwa alfabeti, kwa jina kisha kwa mwezi. Karatasi ya kwanza ilipotoka nilijua ni nzuri kuliko kitu chochote benki yangu imewahi kunitumia. Nikaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote miezi kumi na miwili, zote 24,000. Nikaangalia ukurasa wa jumla. 200,000. Poa.

Asubuhi nikachapisha kwa saiba, karatasi kumi, nikampa mtu wa boda ampelekee Mathe kabla ya kanisa. Ilikuwa Januari 7, 2024.

Jioni nikampigia. "Mkutano ulikuwaje?"

"Ulikuwa sawa."

Hakuongeza kitu. Nilikuwa na shughuli zangu, nikaiacha hapo.

Ijumaa mdogo wangu, ambaye bado anaishi nyumbani, akanitumia ujumbe: "Kwani Mathe anauza cherehani?"

Mama yangu ni fundi wa nguo. Cherehani ile imenisomesha. Kuna alama ya kiatu chake kwenye kanyagio, rangi imekwisha mahali vidole vinapokaa. Nikapanda matatu nikiwa bado na viatu vya nyumbani.

Nilimkuta akishona, na hiyo ilinituliza kidogo. Akaniwekea chai. Nikamuuliza mara tatu ndipo akatoa karatasi kutoka kwenye Biblia. Ilikuwa karatasi ya Mama Z. Januari, 2,000. Februari, 2,000. Machi. Aprili. Halafu mstari wa kijivu, na jumla kulia kwa herufi nzito: 8,000.

"Alisema alilipa miezi yote," Mathe akasema. "Mbele ya watu wote. Akaniuliza elfu kumi na sita yake iko wapi."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Karatasi iko hapo."

"Mathe, alilipa ama hakulipa?"

Alichukua muda mrefu kujibu, na huo muda ndio unaonirudia hadi leo.

"Mimi najua alilipa. Lakini sijui kama ninajua. Labda nilisahau kukusomea. Labda niliichanganya na pesa ya nyumba. Nimezeeka." Alikuwa na miaka sitini na moja. "Wewe ndiye uliandika. Hiyo kompyuta haiwezi kuongopa bure."

Alikuwa tayari ameshalipa elfu tano. Alikuwa amewaomba wampe hadi mwisho wa mwezi kwa iliyobaki, na kugawana faida kukaahirishwa kwa sababu yake. Kama mtu angeketi akajumlisha mikopo yote na riba yake, angeona pesa imezidi badala ya kupungua. Hakuna aliyejumlisha. Mtu akishahisi ameibiwa hahesabu kilichobaki.

Nikafungua laptopu juu ya meza ya kukatia nguo. Kwanza nikaingia Notion yenyewe, kwa macho. Mama Z, Januari hadi Desemba. Mistari kumi na miwili. Iko yote. Nikaendesha programu yangu. Mistari minne. Nikaiambia ihesabu mistari yote iliyopokea, ya watu wote.

100.

Hapo nikajua, kabla hata ya kuangalia. Nikachapa jibu lote kama lilivyokuja kutoka dirishani, mbichi, bila kupangwa, nikashuka chini kurasa na kurasa. Mwishoni kabisa, baada ya mstari wa mia, kulikuwa na vitu viwili vidogo. Kimoja kinaitwa has_more, yaani kuna zaidi, na mbele yake jibu: ndiyo. Kingine ni next_cursor, alama ndefu ya herufi na tarakimu. Ile dirisha haitoi zaidi ya mistari mia kwa ombi moja. Ukitaka iliyobaki unairudishia ile alama, kama mtu anayerudi kwa foleni na risiti yake, na inaendelea pale ilipoachia. Unarudia hadi iseme hakuna zaidi. Imeandikwa wazi kwenye maelezo yao. Ile maktaba rasmi niliyoidharau ina amri tayari ya kufuata alama hizo hadi mwisho.

Watu tisa kwa alfabeti. Wanane wa kwanza, kumi na mbili kila mmoja, ni 96. Zikabaki nne. Mtu wa mwisho kwa alfabeti akapata nne.

Haikuniongopea. Kila nilipoiuliza, iliniambia kuna zaidi, na kila mara mimi nikachukua mia zangu nikaenda kuzipaka rangi. Na ni ile rangi iliyomaliza mama yangu. Kama ningempelekea ile data mbichi, mabano na alama za nukuu, angesema hii ni nini, rudia. Lakini nilimpelekea mistari iliyonyooka, koma mahali pake, jumla kwa herufi nzito. Mwanamke aliyeshika hesabu ya wenzake miaka ishirini bila kupoteza shilingi aliangalia karatasi hiyo, akaangalia kumbukumbu yake, akachagua karatasi.

Kurekebisha kulichukua mistari sita ya msimbo. Mathe alikuwa amesimama nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni. Nikaendesha tena. 108. Jumla 216,000.

"Si nilikwambia," akasema, ingawa hakuwa ameniambia. Akakaa. Akavuta kitambaa cha mteja akakishika usoni, na mimi nikajifanya naangalia skrini.

Kikao cha dharura kilikuwa Jumapili, tarehe 14, kwa sebule hiyohiyo. Sijawahi kutetemeka hivyo kwa mahojiano yoyote ya kazi. Nilieleza nikiwa nimesimama. Nikasema kosa ni langu, mama hana kosa, Mama Z hana kosa, programu ilileta mia ikaacha nane. Walinisikiliza vizuri. Kisha mmoja wao, anayeuza mitumba na ana jicho la kuona uzi uliofumuka akiwa ng'ambo ya barabara, akauliza:

"Na hizo nane umezipata jana. Si ungeziandika hata jana?"

Nikawaonyesha kwamba Notion huweka tarehe ya kila mstari ulipoundwa. Septemba uliundwa Septemba, hiyo hapa. Akatikisa kichwa. Hiyo tarehe nayo si imeandikwa na hiyo kompyuta? Alikuwa sahihi. Nilikuwa nawaomba waamini mashine kwa ushahidi wa mashine, wiki moja baada ya mashine kuwaletea balaa. Nikakumbuka kaunta buku juu ya kabati na vile vijisanduku. Kama vingekuwepo, mkutano huu ungeisha kwa dakika mbili.

Mathe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Na zile sauti?"

Sikuwa nimefikiria sauti. Nikafungua WhatsApp, nikapanda juu kupita mwaka mzima wa umekula na kumenyesha huko, nikafika Septemba. Nikaweka simu katikati ya meza.

"Haya, andika," sauti ya Mathe ikasema. Nyuma yake kulikuwa na vikombe na watu wakiongea. Akataja mmoja baada ya mwingine, elfu mbili M-Pesa, elfu mbili M-Pesa. "Mama Z, elfu mbili, pesa mkononi. Kuna mia tano imeraruka lakini nimekubali."

Na kutoka mbali kidogo ndani ya simu, sauti ya Mama Z: "Imeraruka kidogo tu!" Kisha kicheko cha wote.

Sebuleni hakuna aliyecheka mara moja. Mama Z alijisikiliza kinywa wazi. "Hiyo mia tano," akasema. "Nilipewa na kondakta." Ndipo wakacheka, halafu aliyeuliza swali akasema cheza hiyo ingine.

Tukacheza zote, Mei hadi Desemba. Watu walisikia jogoo wa jirani, mvua ya Novemba kwenye mabati, mtu akiomba chumvi. Mwezi mmoja tu haukuwepo. Julai sikuwa na bando, Mathe alinipigia simu ya kawaida, na simu ya kawaida haibaki. Nikasema hivyo. Julai ni neno langu tu.

"Ya Julai mtaandika nililipa," Mama Z akasema, "kwa sababu nililipa."

Ikaandikwa.

Mathe alirudishiwa elfu tano yake hapo hapo, akaihesabu mbele yao, mara mbili. Cherehani haikuuzwa. Jumatatu alienda kununua kaunta buku mpya na rula, na hakuniuliza. Maktaba bado ipo. Nimeiongezea kitu: sasa inahesabu wanachama mara miezi, na kama mistari iliyopokea haitoshi inakataa kuchapisha karatasi hata moja, inapiga kelele. Na kila mstari sasa una kijisanduku tupu upande wa kulia.

Siku ile ya tarehe 14 nilikuwa nimebeba karatasi mpya, na Mama Z alikuwa wa mwisho kupewa yake. Alichukua kalamu, akateremka nayo mstari kwa mstari, midomo ikisogea, hadi kumi na mbili. Kisha akageuza karatasi kuona kama kuna kitu kingine nyuma. Akairudisha, akachora kiluwiluwi cha kwanza.